Mlinzi Aliyejificha Nyuma ya Gazeti

Katika miaka ya 1980, katika chumba cha wachezaji cha timu ya Washington huko Marekani, alikuwapo jitu mmoja, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 110, ambaye alipenda kuketi akiwa amelikunjua gazeti la The Wall Street Journal. Hilo ni gazeti la mabepari na wenye mabenki, lenye maandishi madogo madogo na hesabu za hisa. Wenzake walipopita walimwona mtu anayefuatilia mambo ya fedha. Kumbe Dexter Manley hakuwa akisoma. Alikuwa mtu mzima, ameoa, amekaa miaka kadhaa katika chuo kikuu, na uwezo wake wa kusoma haukuzidi ule wa mtoto wa darasa la pili.

Futboli ya Wamarekani, msomaji afahamu, si kandanda. Mpira wake umechongoka ncha mbili kama embe, nao hurushwa na kubebwa kwa mikono. Timu inayoshambulia huongozwa na mchezaji aitwaye kwotabeki, ambaye hupokea mpira na kutafuta wa kumrushia. Mbele yake husimama safu ya vibonge vya watu wa kumkinga. Kazi ya mlinzi wa pembeni, ambayo ndiyo iliyokuwa kazi ya Manley, ni kuivunja ngome hiyo na kumwangusha kwotabeki kabla hajaurusha mpira. Yote hayo hayachukui zaidi ya sekunde chache. Hapana karatasi ya kujaza wala barua ya kujibu. Hutakiwa mbio, nguvu, na jicho la kipanga.

Katika kazi hiyo Manley alikuwa na wenzi wachache. Timu ya Washington ilimchukua mwaka 1981. Januari 1983, katika mchezo wa kuamua nani aingie fainali, alimkumba kwotabeki wa Dallas, Danny White, kwa kishindo kilichomtoa uwanjani. Kisha akaugusa mpira uliorushwa na kwotabeki wa akiba, ukadakwa na mwenzake Darryl Grant aliyekwenda nao hadi mwisho wa uwanja na kupata pointi. Mji mzima ulirukwa na akili. Wiki moja baadaye Washington ikaishinda Miami 27 kwa 17 na kutwaa kikombe cha Super Bowl. Mwaka 1988 ikakitwaa tena kwa kuishinda Denver 42 kwa 10. Katika msimu wa 1986 peke yake aliwaangusha makwotabeki zaidi ya mara 18.

Sasa turudi nyuma, maana ngoma hii ilianza kupigwa zamani. Manley alizaliwa Houston, katika jimbo la Texas, akakulia katika mtaa wa watu weusi. Alipokuwa mdogo herufi zilimchanganya. Alirudia darasa la pili, akatiwa katika madarasa ya watoto walioonekana wazito wa kuelewa, akachekwa. Mahali alipoacha kuchekwa ni uwanjani. Shule yake ya sekondari ilikuwa na jina la Jack Yates, mchungaji aliyezaliwa utumwani na ambaye alijifunza kusoma akiwa bado mtumwa, wakati ambapo kumfundisha mtumwa kusoma kulikatazwa. Katika shule yenye jina la mtu huyo, kijana huru alipanda darasa baada ya darasa bila kujua kusoma, kwa sababu timu ilimhitaji.

Akapokewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma. Huko nako alicheza, akapitishwa, akaondoka bila shahada na bila kusoma. Habari zilipofichuka baadaye, mkuu wa chuo wa wakati huo alijibu kwamba wapo watakaosema Manley alikipata hasa alichokitaka: alikuza kipawa chake, akaonekana na timu za kulipwa, akapata mkataba, na hivyo pengine chuo kilimtendea hisani. Jibu hilo lastahili kusomwa mara mbili na kila aliyewahi kushika chaki. Mwalimu anayempa alama mtoto ambaye hakufaulu hamwonei huruma. Anampeleka mbele ili aibu imkute ukubwani, mahali ambapo hakuna mwalimu.

Na aibu ya ukubwani ina hila nyingi. Walimu wa kisomo cha watu wazima wanazijua: yupo anayesahau miwani kila siku, yupo anayeagiza chakula kilekile alichoagiza jirani yake, yupo ambaye mkono humuuma kila fomu inapoletwa. Gazeti la Manley lilikuwa hila ya namna hiyohiyo, ila yake ilikuwa ya mtu maarufu.

Kilichomzindua ni mfupa wa mtu mwingine. Usiku wa Novemba 18, 1985, kwotabeki wa Washington, Joe Theismann, alivunjwa mguu na Lawrence Taylor wa timu ya New York, mbele ya macho ya nchi nzima katika televisheni. Hakucheza tena maishani. Manley akajiuliza: mguu huu ungekuwa wangu, kesho ningefanya kazi gani? Akaenda katika Shule ya Lab mjini Washington, iliyoanzishwa mwaka 1967 na mwalimu Sally Smith kwa ajili ya watoto ambao akili zao ni timamu lakini herufi huwakataa. Bi Smith mwenyewe alikuwa na mtoto wa namna hiyo. Mtu ambaye makwotabeki walimwogopa Jumapili akaketi kujifunza sauti za herufi. Ujasiri huo, pengine, ulizidi ule wa uwanjani.

Mei 1989 alikwenda mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, akasema wazi kwamba alimaliza shule na kupita chuo kikuu hali hajui kusoma. Alilia mbele ya maseneta. Wengi waliomwona walidhani mzigo umekwisha kutuliwa.

Haukuwa umetuliwa wote. Upande mwingine wa maisha yake, ulevi na kokeini vilikuwa vimekwisha kumshika. Mwaka 1988 alisimamishwa siku 30 kwa kutumia dawa za kulevya. Novemba 1989, miezi sita tu tangu machozi ya Seneti, alishindwa kipimo kwa mara ya tatu na ligi ikamfukuza. Baada ya mwaka mmoja aliruhusiwa kurudi, lakini Washington haikumtaka tena. Akacheza Phoenix, kisha Tampa Bay; Desemba 1991 kipimo kikamwumbua mara ya nne, akastaafu. Kilichofuata ni kutangatanga: Ottawa nchini Kanada, halafu Texas, ambako mwaka 1995 alihukumiwa kifungo cha miaka 4 kwa sababu ya kokeini, akakaa ndani miezi 15 hivi. Mwaka 2002 akahukumiwa tena, miaka 2.

Si haki kusema kwamba kutojua kusoma ndiko kulikomtia katika kokeini. Wapo wasomi wakubwa walioangamia kwa unga huohuo, na wapo wakulima wasiojua herufi moja walioishi kwa heshima hadi uzeeni. Lakini aliyezoea tangu utotoni kuficha jambo moja kubwa hapati taabu kuficha la pili. Na wale waliompitisha shuleni kwa kuwa aliwaletea ushindi ndio aina ya watu waliomzunguka ukubwani, wakimpigia makofi.

Juni 2006 alipasuliwa kichwa ili kuondolewa uvimbe uliokuwa ubongoni mwake tangu miaka ya 1980. Operesheni ilichukua saa nyingi. Tangu mwaka huo, kwa maelezo yake mwenyewe, hajagusa kokeini. Alibaki Washington, mjini ambako mashabiki wazee bado huukumbuka ule mpira aliougusa Januari 1983, na ambako alifundishwa kusoma.