Asilimia isiposhuka, tusikimbilie kulia

Kuna namba moja tunayoipenda mno sisi tunaoandika habari: asilimia ya Watanzania wanaoishi na VVU. Ikishuka, tunaandika "UKIMWI wapungua". Ikipanda au ikigoma kushuka, tunaandika kwamba taifa limeshindwa. Mimi nasema namba hiyo peke yake haithibitishi hili wala lile, na tangu dawa zije ndiyo imezidi kutuchanganya.

Hebu tupige hesabu ya darasa la tano. Chukua kijiji cha kufikirika chenye watu 1,000, na tuseme idadi hiyo haibadiliki. Watu 70 wana VVU. Kila mwaka wanafariki 7 na wanaambukizwa wapya 7. Kiwango kitabaki asilimia 7 miaka nenda, miaka rudi.

Sasa leta ARV. Mwaka unaofuata wanafariki 2 tu. Wapya nao wanapungua hadi 5, maana anayemeza dawa vizuri mpaka virusi vikafubaa hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Vifo vimepungua, maambukizi mapya yamepungua, lakini wenye VVU sasa ni 73! Kichwa cha habari kitasemaje? "Maambukizi yapanda kijijini."

Wenyewe tuliziita dawa za kurefusha maisha. Jibu limo ndani ya jina: aliyerefushiwa maisha anaendelea kuhesabiwa.

Tazama majirani zetu Kenya. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha asilimia 6.7, na ule wa 2007 ukavuka 7. Katikati ya tafiti hizo dawa zilikuwa zimeanza kuwafikia wengi. Si sababu pekee, lakini huwezi kuisoma namba ile ya pili bila kukumbuka waliokuwa hai kwa sababu ya dawa.

Kinyume chake ndicho kinachotisha. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifuatilia wilaya ya Rakai, Uganda, jirani kabisa na Kagera yetu, walieleza kwamba vifo vilichangia sana kushuka kwa kiwango pale. Yaani asilimia ilipungua huku watu wakizika.

Kwa hiyo cha kuuliza kwanza ni: maambukizi mapya ni mangapi, na wanaofariki ni wangapi? Utafiti wetu wa 2022/23 ulipata kiwango cha asilimia 4.4 kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Habari nzito zaidi ilikuwa makadirio ya maambukizi mapya yapatayo 60,000 kwa mwaka. Hao ni wengi, ndugu zangu!

Na hata hapo dawa zinaleta utata. Kipimo cha maabara kinachotofautisha maambukizi ya karibuni na ya zamani hupima ukomavu wa kingamwili. Mtu aliyetumia ARV kwa miaka anaweza kuonekana kama aliyeambukizwa juzi. Ndiyo maana watafiti hupima pia wingi wa virusi, na hutafuta dalili za ARV katika damu, kwa kuwa wapo wanaosema hawajui hali zao kumbe wanameza dawa.

Kwa nini nayasema haya sasa? Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tukaona jinsi dawa zetu zinavyotegemea mfuko wa mtu mwingine. Dawa zikikatika, kwa muda wapya wataongezeka, kisha watu watakufa, na asilimia yetu huenda ikashuka vizuri tu. Atatokea mwanasiasa aipongeze, na mwandishi aichape ukurasa wa mbele.

Siku hiyo ikifika, wewe msomaji uliza swali moja tu: wamepungua kwa kupona na hatari, au kwa kuzikwa?