Klabu zinakuja na kuondoka, mfanyabiashara wa Tabora ajipange

SIKU ya mechi ya Ligi Kuu katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, mama lishe wa Ipuli huongeza sufuria ya wali, bodaboda hupata abiria kutwa nzima na nyumba za wageni hujaa mapema. Ni fedha halali na huja haraka. Lakini nani anailipia ligi hii, na akiacha kulipa itakuwaje?

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, bingwa wa kwanza akiwa Sunderland, ambayo leo ni Simba. Mikoa nayo iliwahi kutamba. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986 na Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Hata hivyo, Tukuyu Stars ilishuka daraja msimu uliofuata. Mtibwa Sugar, iliyobebwa na kiwanda cha sukari, ilichukua kombe mwaka 1999 na 2000, lakini nayo ikashuka mwaka 2024.

Fedha nyingi ziliingia baada ya haki za matangazo kuanza kuuzwa. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya Sh225 bilioni. Pamoja na hayo, klabu isiyo na mfuko wake bado hutegemea mfadhili mmoja.

Tabora imeyaona haya kwa macho. Rhino Rangers ilicheza Ligi Kuu msimu mmoja tu, 2013/14. Kisha ikaja Kitayosce, klabu yenye asili ya Kilimanjaro. Agosti 2023 ilianza ligi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji 8 kutokana na matatizo ya usajili, na mechi ikavunjika. Ikaitwa Tabora United, na Novemba 2024 ikaifunga Yanga mabao 3-1. Mwaka 2025 ikachukuliwa na Mamlaka ya Mapato na kuitwa TRA United.

Ndugu msomaji, klabu iliyohamia kwetu inaweza pia kuhama. Hata Canada, klabu ya Winnipeg ya mpira wa magongo wa kwenye barafu ilihamishiwa Phoenix, Marekani, mwaka 1996, mashabiki wake wakibaki wanaangalia tu. Mkulima wa tumbaku anaielewa hali hii: mnunuzi akiwa mmoja, siku akiondoka mzigo unabaki ghalani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Katika ligi ya timu 16, kila timu hucheza nyumbani mechi 15 kwa msimu. Ukikopa kununua majiko na viti kwa kutegemea siku 15, marejesho yatakudai hata wiki ambazo uwanja umefungwa.

Hivyo, faida ya mechi iwe nyongeza, isiwe mtaji. Mfuga kuku na mkulima wa mpunga watafute kwanza wateja wa mwaka mzima, kama shule, hoteli na masoko. Aidha, vikundi vya wafanyabiashara viombe klabu inunue chakula cha kambi hapahapa.

Tabora ilikua kwa misafara ya wapagazi. Reli ilipofika mwaka 1912, aliyeuza chakula kwa msafara pekee alipoteza wateja. Aliyekuwa na shamba aliendelea kula.