Ukame wapunguza sufuria za matanga Mutomo

UKAME wa 2020 hadi 2023 uliwanyima wakazi wa Mutomo, Kitui Kusini, hata chakula cha kuwaagia wafu wao. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe au mbaazi, ndio mlo wa jadi wa Wakamba.

Zamani, kabla ya wazee kula, chakula kidogo na uki, pombe ya asali, vilimwagwa chini kwa ajili ya aimu, roho za waliotangulia. Wamishenari waliona huko ni kuabudu mizimu. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, alipinga katika kitabu chake cha 1969: hizo ni ishara za heshima na undugu. Hoja yake ingali na uzito.

Wanaolalamikia gharama za mazishi basi wangeanza na ada za mochari, jeneza na magari ya kukodi, wala si tonge la aimu.