Sarafu Isiyoshikika: Tujifunze kwa Visiwa Wenzetu

Visiwa vya Bahama viko mbali nasi, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, wala hatuna na watu wake undugu wa damu wala biashara ya kutajika. Hata hivyo, yaliyowafika wenzetu hao tangu mwaka 2020 katika jambo la fedha yanatuhusu sana sisi wa Unguja na Pemba. Ndiyo maana leo tumeona tuyaeleze kwa urefu kidogo, kwa faida ya wananchi, na zaidi kwa faida ya watendaji wa Serikali ambao siku moja huenda wakatakiwa watoe rai juu ya jambo hilihili.

Tarehe 20 Oktoba 2020, Benki Kuu ya Bahama ilitoa kwa nchi nzima sarafu isiyoshikika kwa mkono. Iliipa jina la Sand Dollar, nalo ni jina la kiumbe bapa cha baharini, cha mviringo kama shilingi, kinachookotwa ufukoni. Sarafu hiyo haina uhusiano na ile iitwayo bitcoin, ambayo thamani yake hupanda asubuhi na kuporomoka jioni. Sand Dollar moja ni sawasawa na dola moja ya karatasi ya Bahama, na dola hiyo ni sawa na dola moja ya Marekani.

Msomaji atauliza: kwani sisi hatuna pesa za simu miaka yote hii? Tunazo, na tumezizoea. Lakini zipo tofauti. Pesa iliyomo katika simu ya mwananchi wa hapa ni ahadi ya kampuni, na kampuni imetakiwa na sheria iweke kiasi kama hicho benki katika akaunti ya amana. Sarafu ya kidijitali ya benki kuu ni deni la benki kuu yenyewe, kama ilivyo noti. Kampuni ikifilisika leo, noti iliyomo mfukoni mwako haitikisiki, na sarafu hiyo nayo haitarajiwi kutikisika. Hilo ni jambo kubwa, wala hatupendi lidharauliwe na wale wanaosema kwamba huu ni mchezo wa vijana.

Sababu zilizowasukuma Wabahama ni sababu ambazo mtu wa kisiwani hahitaji kufasiriwa. Nchi yao ina visiwa kiasi cha 700, na vinavyokaliwa na watu ni kama 30 tu. Mabenki yalikuwa yakifunga matawi katika visiwa vidogo kwa kuona hayana faida, na noti zikawa zinasafirishwa kwa vyombo vya baharini na ndege kwa gharama kubwa. Kisha mnamo Septemba 2019 kimbunga Dorian kikavipiga visiwa vya Abaco na Grand Bahama, kikabomoa majumba, maduka na mabenki pamoja. Basi wakubwa wa fedha wakaona kwamba pesa ya simuni ingewafikia watu upesi kuliko jengo la benki linalosubiri kujengwa upya.

Tunapenda kuwasifu kwa jambo moja. Majaribio hawakuyaanza Nassau, mji mkuu, penye umeme na wafanyakazi wa ofisini. Waliyaanza Exuma mwezi Desemba 2019, wakaendelea Abaco mwanzoni mwa 2020, yaani waliianza safari kutoka mahali penye shida. Tena waliruhusu mtu asiye na kitambulisho rasmi afungue pochi ndogo, ila asiweke ndani yake zaidi ya dola 500. Kwa njia hiyo mnyonge hakuachwa mlangoni.

Pamoja na hayo yote, watu hawakuipokea kama ilivyotarajiwa. Miaka ilipita na sarafu hiyo haikufikia hata sehemu moja katika mia ya fedha zote zilizokuwa mikononi mwa watu. Waliojiandikisha mapema walikumbana na mambo madogo madogo, na mambo madogo ndiyo yanayoiangusha biashara. Mtu alikuwa na pesa katika simu lakini muuza duka hakuipokea. Muuza duka naye alikuwa tayari kuipokea, lakini hakuona njia nyepesi ya kuihamishia katika akaunti yake ya benki ili aagize mzigo mwingine. Mabenki ya biashara hayakuwa na haraka, kwani yana kadi zao zinazoyaletea faida. Mambo yalifika hadi mwezi Julai 2024 Gavana wa benki hiyo, Bwana John Rolle, alieleza kwamba zinatayarishwa kanuni za kuyalazimisha mabenki kuitoa sarafu hiyo kwa wateja wao. Ilichukua karibu miaka minne kutoka uzinduzi hadi kufika hapo. Afisa yeyote wa Serikali anayesoma maneno haya na aitie akilini miaka hiyo minne.

Jamaika nao, walipotoa sarafu yao iitwayo JAM-DEX mwaka 2022, waliahidi kuwapa watu 100,000 wa mwanzo zawadi ya dola 2,500 za Jamaika kila mmoja ili wajiandikishe. Sisi hatuna ubaya na zawadi, lakini tunajiuliza: fedha gani hiyo ambayo mtu hulipwa ili aipokee?

Habari iliyotushughulisha zaidi ni ya upande wa mashariki wa bahari ileile ya Karibi. Huko ziko nchi ndogo ndogo za visiwa zenye benki kuu moja, ambayo makao yake yako Basseterre, katika kisiwa cha St. Kitts. Tarehe 31 Machi 2021 benki hiyo ilianza majaribio ya sarafu iitwayo DCash katika Antigua na Barbuda, Grenada, St. Kitts na Nevis, na Saint Lucia. Mwezi wa nne volkano ya La Soufrière ililipuka katika kisiwa cha St. Vincent, na maelfu ya watu wakahama. Kufika Agosti kisiwa hicho nacho kikaingizwa katika mpango. Hadi hapo mambo yalikwenda vyema. Mnamo Januari 2022 mfumo wote ukazimika. Hapakuwa na wizi, vita wala tufani. Cheti kimoja cha usalama ndani ya mitambo kilifikia mwisho wa muda wake. DCash ikalala karibu miezi miwili, hadi Machi. Benki ilieleza kwamba hakuna fedha ya mtu iliyopotea, nasi tunaamini hivyo. Lakini fedha isiyotumika kwa miezi miwili imepotea kwa miezi miwili. Mwezi Januari 2024 majaribio hayo yalifungwa, na benki ikasema itatengeneza mfumo mwingine ulio bora.

Sasa na tulihamishe jambo hili, tulilete kwetu. Tumchukue mchuuzi wa samaki anayeingia mnadani alfajiri. Mtaji wake wote ni pesa ya jana. Akishinda mnada anatakiwa alipe papo hapo. Dalali hamsubiri, samaki hasubiri, na jua ndilo halisubiri kabisa. Mfumo ukizimika siku moja, mtu huyu hatalala njaa peke yake. Watalala njaa na watoto wake, na mvuvi aliyemtegemea atauza kwa bei ya kutupa. Au tumchukue mwenye shamba la mikarafuu huko Pemba wakati wa msimu. Wachumaji hulipwa kwa pishi, jioni ileile, kila mmoja kwa kadiri alivyochuma, na malipo yenyewe ni fedha ndogo ndogo zinazohitaji chenji. Kati ya wachumaji hao wamo kina mama wasiokuwa na simu, na wamo wenye simu ya kitochi iliyozimika chaji tangu mchana. Atawalipaje? Swali hili si la mzaha. Sarafu yoyote isiyoweza kumlipa mchumaji jioni, chini ya mti, bado haijawa sarafu ya visiwa hivi.

Wala tusijidanganye kwamba mitambo ya kwetu haiwezi kuzimika. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Haukupita muda, giza likarudi Desemba 2009 na halikuondoka ila Machi 2010, miezi mitatu kamili, kwa sababu ya hitilafu katika njia ya umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Waliokuwapo wanakumbuka mishumaa, kelele za majenereta na foleni za maji. Njia mpya imelazwa tangu hapo, na tunashukuru. Lakini ni Mei 2024 tu ambapo nyaya za intaneti zilizolala chini ya bahari ya mashariki ya Afrika zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizotaabika kwa siku kadhaa. Siku zile za giza la 2010 mwenye noti mfukoni aliweza angalau kununua mafuta ya taa. Angekuwa na nini mkononi kama fedha yake yote ingekuwa ndani ya simu iliyokufa?

Wazee wa visiwa hivi hawajapata kuogopa sarafu mpya. Walipokea reale ya Maria Theresa, wakapokea rupia za Bara Hindi na pesa za shaba za Sayyid Barghash za mwaka 1882. Mwaka 1936 rupia ikaondoka na shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia, na mwaka 1966 ikaja shilingi ya Benki Kuu ya Tanzania. Kila mara mtu aliitia sarafu mpya mkononi, akaigonga juu ya meza, akasikia mlio wake. Hii tunayoizungumza haina mlio. Mtu atakachokuwa nacho ni neno la Serikali peke yake, na hivyo neno hilo halina budi kuwa zito kuliko fedha yenyewe.

Benki Kuu ya Tanzania, katika taarifa yake ya Januari 2023, ilisema kwamba utafiti juu ya sarafu ya kidijitali utakwenda kwa hatua na kwa tahadhari. Nayo Benki Kuu ya Kenya ilieleza mwezi Juni mwaka huohuo kwamba haioni haraka ya jambo hilo kwa wakati wa karibu. Tunaunga mkono tahadhari hiyo. Hata hivyo tahadhari haina maana ya kuliweka faili katika kabati. Fedha ni jambo la Muungano, na uamuzi utatolewa na Benki Kuu. Lakini maofisa wetu wa hapa wana haki na wajibu wa kupeleka maoni ya visiwani kabla uamuzi haujafikiwa, wasingoje kupelekewa mashine na mabango ya uzinduzi.

Sisi tungependa maoni hayo yaseme waziwazi kwamba, ikitokea majaribio kufanywa, yaanzie Kojani na Tumbatu, si katika hoteli za Mji Mkongwe. Yaseme kwamba malipo lazima yaweze kupita kutoka simu hadi simu pale mtandao unapokatika, na kwamba hilo lionyeshwe kwa macho mbele ya wananchi. Yaseme pia kwamba noti na sarafu za chuma hazitapunguzwa katika maduka wala ofisi za Serikali kwa kisingizio cha maendeleo. Juu ya makato, wananchi hawajasahau tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021, ambazo zilibidi zipunguzwe mwaka uleule baada ya malalamiko. Mtu anayelipa pishi tatu za karafuu hawezi kukatwa kama anayelipa kontena. Mwisho, pawe na ofisi ya kushitakia Chake Chake na Unguja mjini, yenye mtu wa kusikiliza, badala ya namba ya simu inayompigia mtu muziki wakati salio lake halionekani.

Tunazo habari kwamba wapo vijana wetu ambao tayari wananunua na kuuza sarafu za mitandaoni za watu binafsi, na wengine wameshapata hasara. Hizo hazina benki kuu nyuma yake, na Benki Kuu yetu ilikwishatoa onyo juu yake tangu Novemba 2019. Tutazungumza habari zao siku nyingine. Kwa leo tunawaomba wahusika wa fedha waandike barua kwa wenzao wa Nassau na Basseterre, wawaulize yaliyowasibu, na majibu watakayoyapata wayatoe hadharani ili na sisi tuyachapishe.