Dilala inahitaji wazamiaji wake wa kuokoa

Wandugu vijana wa Dilala na Manika,

Mutu akizama leo katika Ziwa Nzilo, tunaita nani? Tunaita mvuvi mwenye mtumbwi. Tunaita kijana anayejua kuogelea kidogo na hana hata kamba. Kisha tunaita familia, juu ya maziko.

Tarehe 15 Novemba 2025, katika machimbo ya Kalando, daraja lililowekwa juu ya mtaro uliojaa maji lilianguka. Watu wasiopungua 32 walikufa. Hatusemi wazamiaji wangewaokoa wote. Tunasema mkoa unaolisha dunia kobalti haupashwe kutegemea mikono mitupu kila mara maji yanapochukua watoto wake.

Ubongo ukikosa oksijeni dakika nne hadi sita, unaanza kuharibika. Lubumbashi ni kilometa 300 hivi. Kikosi kikitoka kule, kitakuta maiti. Njo maana mwokozi anapashwa kuwa mutu wa hapa hapa. Ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria huko Bukoba, Tanzania, tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43. Wavuvi njo walifika wa kwanza, na watu 24 walipona.

Lakini tusidanganyane, hii kazi si mchezo. Mutu anaanza na kuogelea na huduma ya kwanza: kumpulizia hewa na kumkandamiza kifua mwenye kuacha kupumua. Kisha anajifunza kuzamia na mtungi wa hewa, anaongeza kina na uzoefu, na nyuma ya pale njo anaingia kozi ya uokoaji. Sheria ya kwanza kule: usikuwe maiti ya pili. Nyoosha mti, tupa kamba, peleka mtumbwi. Kuingia majini mwenyewe ni kwa mwisho.

Tena Nzilo si Mombasa. Sisi tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na hesabu za kupanda kutoka chini ya maji zinabadilika. Ukipanda vibaya, mapovu ya gesi katika damu yanaweza kukuua. Na shimo la mgodi lililojaa maji linaomba mafunzo mengine kabisa.

Franka za kulipa mafunzo ziko. Sheria ya migodi ya 2018 inatenga 15% ya redevansi kwa komini na sekta ambako mgodi unafanya kazi. Kwa hiyo tunaomba:

1. Kikundi cha kwanza cha vijana wafundishwe, wavuvi na bacreuseur wakiwa mbele.
2. Kamba, maboya na jileti za kuelea ziwekwe Nzilo mbele ya mvua kurudi.
3. Hesabu ya ile 15% ibandikwe mlangoni mwa komini, kila mutu aisome.

Na sisi wenyewe? Jifunze kuogelea. Jifunze huduma ya kwanza. Fundisha mdogo wako.

Maji hayangoje mkutano uishe.