Nani Aliyempima Mchukuzi?

Mwezi uliopita nilikuwa Karen, magharibi ya Nairobi, kwa shughuli ya arusi ya jamaa. Karen ni mtaa wa nyua ndefu; nyumba huzioni, waona malango, walinzi na miti. Nilikuwa nimesimama kando ya njia nikingojea gari, mara akatokea mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa msitu wa Ngong. Ameinama, mgongoni ana mzigo wa kuni, na ukanda unaoushika mzigo umepita kwenye paji la uso wake.

Nikamwambia, "Pole na kazi, mama."

"Asante, mzee. Tumezoea."

Akautua mzigo apumzike. Nikamuuliza kama ukanda ule haumuumizi. Akasogeza kitambaa chake nyuma kidogo, nikauona mfereji ambao ukanda umeuchimba pajini kwa miaka. "Kichwa kimezoea," akasema. "Shingo ndiyo hainilazi usiku."

Maneno hayo yamenikaa moyoni kwa sababu wenziwe mama huyu wamepata kupimwa na wataalamu. Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha makala ya Profesa G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wa ng'ambo. Waliwapima wanawake wa Kijaluo, ambao hujitwika kichwani, na wa Kikikuyu, ambao huchukua kwa ukanda wa pajini, wakiwatembeza na mizigo huku wakipima hewa waivutayo. Jibu liliwastaajabisha wenyewe: mzigo usiozidi sehemu moja katika tano ya uzito wa mwanamke haukumwongezea nguvu anazotumia hata chembe. Askari wanaobeba shanta mgongoni hawana bahati hiyo. Mwaka 1995 baadhi ya wataalamu wale wakaeleza siri yake, kwamba mwili wa mwanamke aliyejitwika huenda kama kile kining'inio cha saa ya ukutani: nguvu inayopatikana katika kushuka hutumika tena katika kupanda, isipotee bure.

Habari hiyo ilipendeza, nami siikanushi. Ninalolalamikia ni jinsi tulivyoipokea. Tulisema, kumbe! Mwanamke wa Kiafrika hachoki! Na sisi watunzi tumo lawamani, kwani tumeusifu mno mwendo wa bibi aliyejitwika mtungi, tusiulize mtungi una uzito gani.

Kuna elimu ya kuulinganisha ufundi na kiwiliwili cha binadamu. Mpoland mmoja, Wojciech Jastrzębowski, aliipa jina la Kigiriki, ergonomia, mwaka 1857, na mwaka 1949 Waingereza wakaiundia chama cha utafiti. Shabaha yake ni moja: mtu apimwe ili chombo kibadilishwe kimfuate yeye. Huku kwetu mwanamke alipimwa, akasifiwa, kisha akarudishiwa mzigo wake ule ule.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mwanamke wa kilo 60, sehemu yake moja katika tano ni kilo 12. Jerikeni la maji tunalolitumia nchi nzima ni la lita 20, yaani kilo 20 za maji peke yake. Huo umekwisha kuvuka mpaka wa wataalamu kwa kilo 8. Na kwa nini lita 20? Kipimo hicho ni cha debe la mafuta ya magari la jeshi la Wajerumani, lililobuniwa katika miaka ya 1930. Wajerumani hawakubuni ovyo: waliliwekea vishikio vitatu, ili askari mmoja aweze kushika mawili matupu kwa mkono mmoja, au askari wawili wasaidiane kuchukua moja lililojaa. Ni kazi nzuri sana ya ergonomia, lakini aliyekusudiwa ni askari na mkono wake. Shingo ya bibi wa Kwale au wa Ngong haikuwamo katika hesabu.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na mashine ya kupimia pumzi, walakini walijua. Kata ya nguo au ya majani waliisokota duara ili mtungi ukae bila kuyumba. Mzega waliugawa mzigo pande mbili, bega likiwa katikati kama mizani. Na kila aliyesoma chuoni anaijua aya ya mwisho ya Suratul-Baqara na inavyozungumza juu ya mizigo.

Wala utafiti haukukoma pale. Mwaka 2010 wataalamu waliowapima wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, hawakuuona ule mzigo wa bure kwa wote. Wengine waliupata, wengine hawakuupata. Tena waliwauliza wachukuzi wenyewe, wakatajiwa maumivu ya shingo. Pumzi ni kitu kimoja na shingo ni kitu kingine. Mama wa Karen aliniambia hayo kabla sijauliza sana.

Njiani kuelekea mjini, kando ya barabara ya Ngong, mafundi wa jua kali hupanga viti na vitanda vyao. Mwenye jumba la Karen akitaka kiti, fundi humpima, hata mkono wa kiti akauinua au akaushusha apendavyo. Fundi huyo huyo anaweza kuunda kigari cha magurudumu mawili cha kuni, au kubuni jerikeni la lita 10 lenye kitako cha kukaa vyema juu ya kata. Anachokosa ni mteja wa kumwagiza. Serikali za kaunti hununua meza na viti vya ofisi kila mwaka. Je, kigari cha kuni kimepata kuingia katika orodha ya kaunti gani?

Gari langu lilipofika, mama aliniomba nimsaidie kumwinulia mzigo. Nikaushika kwa mikono miwili, haukutikisika. Dereva akashuka, tukainua sote wawili, naye akaweka ukanda wake pajini, akashika njia.