Jirani Si Mdudu



Mwaka 1992, katika jimbo la Katanga, lililoitwa Shaba wakati ule, Wakasai walibandikwa jina moja: bilulu, yaani wadudu. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza alikuwa miongoni mwa waliolitamka hadharani. Watu waliozaliwa Likasi na Kolwezi, ambao baba zao walifanya kazi migodini na relini, walifukuzwa kwa malaki. Wengi walilala stesheni wakingoja treni, na wako waliofia palepale kwa maradhi.

Tutazame jinsi neno lile lilivyofanya kazi. Umaskini ulikuwapo kweli: Gécamines ilikuwa ikiporomoka na utawala wa Mobutu umeoza. Kueleza hayo ni kazi ngumu. Kumwonyesha jirani kidole ni rahisi. Naye jirani akiisha kuitwa mdudu, kumfukuza hakuonekani tena kuwa dhambi. Lakini Wakasai walipoondoka, shaba haikurudi.

Tusidhani kwamba hayo ni ya mbali. Mwaka 2021 Bungeni Kinshasa uliletwa mswada wa kumtaka Rais awe mtoto wa baba na mama Wakongomani. Katika kampeni ya 2023 tulisikia tena na tena habari za «wagombea wa wageni». Tarehe 28 Novemba mwaka huo, hapa Kindu, wafuasi wa vyama vilivyopingana walipambana, na Dido Kakisingi, kiongozi wa vijana wa Ensemble pour la République, akauawa. Kumhukumu muuaji ni kazi ya mahakama. Kazi yetu ni kujiuliza ni maneno gani yaliyowafundisha vijana wa mji mmoja kuonana kama maadui.

Wako watakaosema: «Huyu mwanasiasa angalau anautaja uchungu wetu.» Ni kweli, barabara ni mbovu na kazi ni haba, anayenyamazia hayo hatusaidii. Basi tumpime kwa maswali matatu. Je, anamshitaki mwenye cheo kwa tendo alilolitenda, au kabila zima kwa asili yake? Je, anaeleza dawa, au adui tu? Je, angethubutu kuyasema hayo mbele ya jirani anayemtaja?

Sheria ya nchi yetu inaadhibu uchochezi wa kikabila tangu tarehe 7 Juni 1966. Naye Papa Fransisko, akizungumza na vijana Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, aliwaonya juu ya ukabila. Hata hivyo, sheria na maonyo havifiki kwenye simu ya kila mmoja wetu. Ujumbe wa matusi ukikufikia, usiupeleke mbele. Aliyekutumia ni rafiki yako: mwendee, umweleze kwa upole kwa nini umeishia kwako.